Kadi Imekataliwa

Mume wangu ana wake wawili, mimi na lori, na mke mkubwa ni lori. Hilo nimelisema mbele ya mashemeji na mbele ya majirani, na yeye hucheka tu. Tulilinunua kwa jasho la wote wawili, yeye akiwa dereva wa kuajiriwa na mimi nikishona sare za shule hadi kidole kikaota sugu. Kwa hiyo lilipofika nyumbani tuligawana kazi. Yeye ashike usukani, mimi nishike mengine yote. Ananiita Meneja. Anadhani ananitania, lakini mimi cheo nilishakipokea zamani.

Basi dalali anayetupa mizigo aliposema kwamba hatatoa tena pesa ya mafuta mkononi, kila mwenye lori atafute kadi ya mafuta na yeye ataingiza pesa humo, nilijua hilo ni langu. Mume wangu alirudi na habari hiyo amenuna. Alisema zamani mtu aliona pampu, akajaza, akalipa, akaenda zake, sasa haya mambo ya kadi yametoka wapi. Nikamwambia zamani hiyohiyo uliibiwa pesa zote umelala na suruali umeivaa. Akaomba chai.

Kijana wa kadi alikuja kwetu alasiri moja. Shati limenyooka, meno yote nje. Nikampa jina la Tabasamu kabla hata hajakaa. Sebule yetu nusu ni ofisi na nusu ni karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, vitambaa vya bluu juu ya kila kiti. Ilibidi asimame nihamishe sketi za watu ndipo apate pa kukaa. Alitandaza ramani mezani, nami nikaikandamiza pembe kwa mkasi isijikunje.

Alisema kadi ziko za aina mbili, na tuchague moja. Ya kwanza ni kadi huru. Hiyo inakubaliwa kwenye kituo chochote chenye mashine yao, hata vile vituo vidogo vya barabara ya zamani, ila punguzo lake ni la kufutia machozi. Ya pili ni kadi ya njia. Hiyo imefungwa kwenye vituo vyao vikubwa vya barabara mpya peke yake, na punguzo lake ni la maana. Halafu akaongeza jambo ambalo ndilo lililonipata. Kila kadi ikipitishwa kwenye mashine, ikubaliwe au ikataliwe, meseji inaingia palepale kwenye simu ya mwenye kadi, na jina la kituo juu yake.

Nyie hamjui maisha ya mke wa dereva. Mtu anaondoka, unamuuliza uko wapi, anakujibu niko njiani. Njiani wapi? Njia yenyewe inavuka nchi nzima. Tena simu yenyewe hapokei akiwa kwenye usukani, na hilo nililitaka mwenyewe. Dereva mwenzake alikufa simu ikiwa sikioni, na tulipotoka mazishini nilimwapisha mume wangu kwamba akiendesha simu inakaa kwenye droo ya dashibodi, imezimwa sauti. Kiapo hicho hajakivunja hata siku moja. Sasa mtu ananiambia nitakuwa najua alipo bila kupiga simu, mimi nikatae?

Mume wangu aliinamia ramani hadi pua ikakaribia karatasi. Aliuliza kutoka kituo kikubwa cha kwanza hadi cha pili kuna umbali gani. Tabasamu akasema si mbali, mtu akitoka asubuhi jioni yuko pale. Mume wangu akauliza, na mtu akichelewa kupakia, akatoka mchana? Tabasamu akacheka.

"Taa si unazo, mzee?"

Na mimi nikacheka. Mume wangu hakucheka. Alisema yeye anaona tuchukue kadi huru. Barabara ya zamani anaifahamu, mafundi wa matairi wako kila mahali, watu wanamjua. Nikamwambia barabara ya zamani ni mashimo matupu na ni ndefu zaidi, kwa nini tulipe zaidi ili tuharibu springi? Alirudia tu kwamba watu wanamjua kule.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Yule wa Pampu.

Ngoja niseme vizuri. Mimi sina wivu. Lakini safari moja, simu yake ilipoishiwa chaji, mume wangu alinipigia kwa simu ya mtu, na sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya mwanamke, akisema subiri nikupe mwenyewe. Mume wangu alieleza kwamba ni mama anayeuza mafuta kwenye kituo cha bondeni, barabara ya zamani. Nikasema sawa, na namba nikaiandika kwa jina hilo, Yule wa Pampu. Tangu siku hiyo nikawa naona mambo. Kila safari mtu analala kituo hichohicho cha bondeni. Utingo wetu alipoacha kazi, mtu hataki utingo mwingine, eti anapenda kusafiri kimya. Harusi ya mpwa wangu ilikuwa jioni, mtu akasema hawezi kwenda, anaumwa kichwa. Nikiwasha taa ya cherehani analalamika kwamba taa zangu zinamchoma. Zamani alikuwa anakaa karibu nami akinitungia uzi kwenye sindano huku anasubiri chai. Siku hizi nikimpa sindano anasema amechoka. Mwanamke yeyote mwenye akili zake angejumlisha. Mimi nilijumlisha, na jibu nililolipata lilikuwa limevaa gauni.

Kwa hiyo nilichukua kalamu ya Tabasamu nikatia saini kadi ya njia, mbele ya mume wangu, bila kumwangalia usoni.

"Sawa, Meneja," mume wangu alisema.

Akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kando ya lori, mkono juu ya tairi, hafanyi kitu. Hakubisha tena wala hakugomba, na mimi nikajiambia kwamba mtu asiye na la kuficha angegomba.

Safari ya kwanza ya kadi ilikuwa ya vigae vya sakafu. Mume wangu alitoka nyumbani alfajiri ili apakie mapema. Lakini ghalani wapakiaji walichelewa, kisha ile mashine ya kunyanyulia ikagoma, na mchana akanipigia kusema bado wako nusu. Sauti yake haikuwa sawa. Aliniuliza kama naweza kuongea na dalali, mzigo ulale palepale, aondoke kesho asubuhi.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia mwenye vigae anasubiri, dalali ndio kwanza ameweka pesa kwenye kadi, na yeye anataka kutuaibisha siku ya kwanza. Nikamuuliza anaogopa nini, kutoka mchana amekuwa bibi harusi? Ndipo nikasema kile alichokisema Tabasamu, kwa sauti ileile.

"Taa si unazo?"

Nilisikia watu wa ghala wakipiga kelele nyuma yake.

"Ninazo," akasema, akakata.

Meseji ya kwanza iliingia alasiri, nikiwa napiga pindo. Kadi imekubaliwa, kituo kikubwa cha kwanza. Nilifurahi, halafu nikaona lita. Tulikubaliana ajaze tangi pale, kwa sababu pale ndipo bei ni nzuri, naye ameweka kidogo tu. Nikasema peke yangu, huyu mwanamume ananijaribu. Ameacha nafasi kwenye tangi ili akanunue mafuta kwa nani? Damu ikanipanda. Nikajiambia leo na leo, nitamaliza. Nikaweka sketi chini, nikampigia Yule wa Pampu.

Nilianza kwa sauti ya asali. Nikajitambulisha kuwa mimi ni mke halali wa dereva wa lori la kijani, lile lenye bampa iliyopinda, na kwamba napenda tu ajue mume wangu hatalala tena kituoni kwao, tumepata kadi ya barabara mpya. Nikatulia, nimsikie atakavyobabaika.

"Mungu mkubwa, mwanangu," alisema. "Kwa hiyo macho yamepona?"

Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, nzito, yenye kikohozi. Nikauliza macho gani.

Aligundua amesema lisilosemwa, na nadhani angekata simu kama nisingemwomba. Nilimwomba. Mimi, niliyepiga ili nimchambe, nilimwita mama na nikamwomba. Akasema basi, maadam umeshasikia nusu. Giza likiingia, mume wangu haoni. Mchana anaona vizuri kiasi, lakini jua likizama, taa za magari zinamtawanyikia, barabara inapotea, anasema ni kama mtu amemfunika chandarua usoni. Yeye mama alimgundua siku alipoingia kituoni jioni akaigonga nguzo ya geti, nguzo iliyopakwa rangi nyeupe. Alimwambia hiyo ni mtoto wa jicho, marehemu mumewe alikuwa nayo, aende hospitali. Mume wangu akasema ataenda. Tangu hapo hupanga safari zake aingie pale jua lingali juu, na hatoki hadi kupambazuke. Madereva wenzake wanamwita Kuku, kwa sababu giza haliwahi kumkuta nje.

Niliangalia dirishani. Kivuli cha nyumba ya jirani kilikuwa kimeshafika kwenye cherehani yangu.

Nilimpigia mume wangu. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Niliijua ilipo. Ilikuwa kwenye droo ya dashibodi, imezimwa sauti, kama nilivyomwapisha. Nilimwandikia meseji asimame popote alipo, nikijua kabisa kwamba hataisoma. Nikapiga kile kituo kikubwa cha kwanza, namba ilikuwa nyuma ya karatasi ya kadi. Mwuza mafuta akasema lori la kijani limeshaondoka kitambo. Mbele ya pale barabara zinaachana, ya zamani na mpya, na ile mpya inapanda mlima wenye kona na korongo upande mmoja. Nimewahi kuupita nikiwa abiria mchana, na macho yangu mazima, na nilishika kiti.

Meseji ikaingia. Kadi imekataliwa. Kituo cha njia panda, barabara ya zamani.

Nilipiga kelele ya furaha mwenyewe sebuleni. Amekata kona, ameacha mlima, amenidharau mimi na punguzo langu na saini yangu, Mungu ambariki. Yuko njia panda na hapo ni kituo, atalala. Nikampigia yule mama kumwambia. Yeye hakufurahi. Aliniuliza kama kweli kadi imekataliwa, nikasema ndiyo, si kitu, atalala tu.

"Mwanangu, hapo hawalazi mtu ambaye hajanunua mafuta."

Akanieleza, taratibu, jambo ambalo miaka yote ya kujiita Meneja sikuwahi kulijua. Dereva halipii kulala. Ananunua mafuta, hata ya kuongeza tu, na kwa hayo anapewa nafasi ndani ya uzio, mlinzi, maji ya kuoga, na geti linafungwa. Asiyenunua haingii. Ndiyo maana dereva mwenye akili hajazi tangi mapema; anaacha nafasi ya kununulia kitanda. Nikakumbuka zile lita chache nilizozikasirikia.

Niliuliza kwa nini asilale pembeni ya barabara. Akasema pale pembeni ni nyembamba, lori likisimama nusu linabaki kwenye lami, na lililosimama gizani hugongwa kwa nyuma. Na wezi wanaonyonya dizeli kwenye matangi hawahitaji hata giza. Nikauliza, basi si awaombe wenye kituo, awaeleze shida yake?

"Awaeleze kwamba haoni?" mama akasema. "Dereva? Kesho dalali gani atampa mzigo?"

Nilimpigia Tabasamu. Alipokea akiwa kwao, nilisikia televisheni na mtoto anayelia. Nikamwambia afungue kadi, sasa hivi, aifanye kadi huru. Akasema, kwa ule upole wake wa kazini, kwamba mabadiliko hufanyika siku ya kazi, ofisini, kwa maombi. Sijui nilisema nini yote. Nakumbuka nilimwambia kwamba mume wangu haoni usiku na kadi yake inamfukuza kila geti, na kwamba tukimzika, yeye asije na lile shati lake. Mtoto bado alikuwa analia kule nyuma. Tabasamu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, kwamba ngoja amtafute mtu wa mitambo, lakini haahidi.

Meseji nyingine. Kadi imekataliwa. Kituo cha darajani.

Nikaelewa jinsi itakavyokuwa. Kila ikikataliwa, maana yake yu hai, na maana yake amerudishwa barabarani. Sikujua niombe meseji ije au isije. Nje giza lilikuwa limeshaingia, la kweli. Nilitoka hadi barazani nione ni giza kiasi gani, kana kwamba giza la kwetu ni lilelile la darajani. Taa ya mtaa ilikuwa inawaka. Nikarudi ndani, nikachukua kipande cha bitana nyeupe, ile nyepesi ya ndani ya sketi, nikakikunja mara mbili nikakifunga usoni, nikatoka tena.

Taa ya mtaa ikamwagika. Ilijaza kila mahali, haikuonyesha kitu. Pikipiki ilipita, na mwanga wake ulinijia wote kwa mara moja, sikujua iko kulia au kushoto. Nilipiga hatua kuelekea geti nikajikwaa kwenye ndoo yangu mwenyewe, nikaanguka kwa magoti. Jirani akauliza kama niko salama. Nikasema ndiyo. Nilibaki pale chini, kitambaa usoni, nikalia, nikisema ninazo, ninazo, kama alivyosema yeye.

Baada ya hapo simu ilinyamaza. Kutoka darajani hadi bondeni, yule mama aliniambia, ni mteremko na mashimo, hakuna kituo katikati. Nilikaa kwenye cherehani, simu juu ya sketi ya mtoto wa mtu, nikiitazama. Nilimwazia ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo mbele, kama alivyoinamia ramani ile siku. Tena niliona jinsi alivyoinama, na nilifikiri hajui kusoma ramani. Nilikuwa nimecheka. Niliahidi mambo mengi kwa Mungu, mengine hata siyawezi.

Yule wa Pampu alipopiga, kidole kilikosa kitufe. Nilibonyeza mara mbili.

"Geti nimefungua," alisema. "Ameingia. Amekuja na msafara nyuma yake, taa za hatari zinawaka, mabasi yanampigia honi kama anapeleka bibi harusi. Hajagonga kitu. Nguzo yangu ipo."

Kisha akampa simu.

"Meneja," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Naam, baba watoto."

"Kadi yako imekataa."

"Najua. Kila mahali iliniambia."

Akacheka kidogo, akakohoa. Akasema alidhani mashine ni ileile, yenye nembo ileile, mambo ya njia hii na njia ile ni maneno ya ofisini tu. Mashine ni mashine. Nikamwacha aseme hayo ya mashine mpaka yakaisha. Kisha nikamuuliza macho ni tangu lini. Akajibu tangu msimu uliopita wa mvua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, akamwambia mtu wa pampu.

"Ningekuambia, ungeniacha niondoke na lori?"

Nilifikiria kumdanganya. "Nisingekuacha," nikasema.

"Basi."

Sikulala. Nilipanda basi la kwanza asubuhi, sketi za watu nimeziacha kwenye viti. Tabasamu alinipigia nikiwa njiani, hakucheka hata mara moja, akasema kadi imeshakuwa huru na anaomba radhi. Nikamwambia asante, kwa kuwa hakuwa na kosa, kalamu ilikuwa yake lakini mkono ulikuwa wangu. Basi lilipita barabara ya zamani. Njia panda niliona geti la kituo na mlinzi wake ameketi anapiga mswaki. Darajani niliona malori yaliyolala yakiwashwa. Yalikuwa na nafasi katikati yake, nafasi kubwa tu.

Bondeni nilimkuta mume wangu ameketi kwenye ngazi ya lori, anakunywa chai, na yule mama amesimama karibu. Ni mama mfupi, mnene, umri wa kunizaa. Nilimshika mikono yote miwili. Yeye akasema nimechelewa kuja, alinitarajia tangu ile siku mume wangu aliponipigia kwa simu yake. Mume wangu alinitazama kama mtu anayesubiri hukumu.

Tulipatana kwenye ngazi ileile. Vigae vifike, kwa mwanga wa jua tu, na mimi nikiwa pembeni yake. Vikishushwa, hatugeuzi na mzigo mwingine. Tunakwenda moja kwa moja hospitali ya macho. Hapo ndipo aliponiambia anachokiogopa hasa. Si kisu. Anaogopa wakimpasua na wakakosea, mchana pia uondoke, halafu lori aliendeshe nani. Nikamwambia lori ni mke mwenzangu, nitamtunza. Hakucheka. Nikamshika goti, nikamwambia hata mimi naogopa.

Siku nzima nilikaa kwenye kiti cha utingo. Ni kiti kigumu, na springi moja inakuchoma. Nilikuwa namsomea vibao kabla hajaniomba, na yeye akawa anasema ameshaviona, na vingine kweli alikuwa ameviona. Vivuli vilipoanza kurefuka nikaona kituo kidogo mbele, pampu moja na uzio wa mabati.

"Egesha," nikasema.

"Jua bado lipo. Tunaweza kusogea kidogo."

"Nimesema egesha, baba."

Akaegesha. Mlinzi akaja dirishani kuuliza kama tunanunua mafuta. Nikampa kadi mimi mwenyewe, nikashuka, nikasimama kwenye mashine hadi ikalia vizuri. Simu yangu ikaita mfukoni: kadi imekubaliwa. Mlinzi akatuonyesha pa kulaza lori, karibu na bomba la maji, akafunga geti.

Tulikaa ndani ya lori tukila mkate na chai ya chupa. Giza likaja polepole juu ya uzio. Nilimuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza siku ile ya ramani: anaona nini?

"Taa," akasema.

"Ngapi?"

Akaegemeza kichwa mbele, akahesabu kwa kidole kwenye kioo, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Akafika saba, akasita, akasema labda nane.

"Si uliniuliza kama ninazo," akasema, akacheka. "Ninazo, tena nyingi."

Nikatazama nje. Kulikuwa na taa moja tu, ya getini.